Mwaka Juu ya Mlango

Mama hakuniomba rozari wala maji ya baraka. Aliniita jikoni, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Ukifika Roma utafute kanisa la Kadinali. Uingie, upige magoti, umwambie nimekutuma."

Kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, ukisema "Kadinali" bila kuongeza jina unamtaja mtu mmoja: Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo mwaka 1912. Papa Yohane wa 23 alimpa ukadinali tarehe 28 Machi 1960, naye akawa kadinali wa kwanza Mwafrika katika zama zetu. Mwaka 2023 Kagera ilipata kadinali mwingine, Protase Rugambwa, mzaliwa wa Bunena pale Bukoba, lakini kwa Mama huyo ni "kadinali wa sasa". Kadinali mwenyewe ni yule ambaye habari zake zilipofika kijijini Mama alikuwa na miaka minane, akaruhusiwa kwa mara ya kwanza kukesha na watu wazima.

Mdogo wangu anaishi Roma mwaka wa tisa sasa. Anatunza wazee majumbani. Aprili 2024 alinialika nikae kwake siku kumi, tena akasema wazi kwamba hataki nikae ndani nimsaidie kupika. "Dada, utaona vitu vya kale mpaka uchoke," alisema.

Nilifurahi. Lakini lipo jambo nililopanda nalo ndege bila kumwambia mtu. Miaka saba kabla ya safari hiyo, mimi niliyekuwa nakwenda kulipia kiingilio nione nyumba za kale za watu wengine, nilikuwa nimebomoa ya kwetu.

*

Babu alijenga nyumba yake mwaka 1954. Ulikuwa mwaka wa bei nzuri ya kahawa, na wengi waliokuwa wakiishi kwenye msonge walihamia kwenye tofali. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, kuta za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, plasta ya saruji kwa nje, paa la bati, na baraza lenye nguzo nne. Juu ya mlango wa mbele palikuwa na lenta ya zege. Kabla zege haijakauka, Babu alichukua msumari akaandika mwaka: 1954. Baba alikuwa na miaka minane. Ndiye aliyeshika kopo la maji ambalo Babu alikuwa akichovya msumari. Hadithi hiyo tuliisikia kila Krismasi, na kila Krismasi kopo liliongezeka ukubwa.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Tetemeko lile la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17. Pale Bukoba majengo ya shule ya Ihungo, alikosoma Baba, yaliharibika vibaya. Kwetu hakuumia mtu. Mama alikuwa uani, Baba alikuwa kwenye migomba. Lakini ukuta wa upande wa mashariki ulipasuka kuanzia pembe ya dirisha hadi chini ya kenchi, ufa ambao kiganja changu kingeingia. Wazazi walilala chini ya turubai, jirani na makaburi ya ukoo, wakisubiri watoto waamue.

Watoto maana yake nilikuwa mimi. Kaka yetu ndiye mrithi wa kibanja, kama mila inavyotaka, ila mwaka ule hakuwa na fedha. Mimi nilikuwa na kazi Mwanza na akiba benki. Mtoto wa kike kwetu harithi kibanja, lakini akishika mfuko husikilizwa kama mrithi.

Walikuja mafundi wawili. Wa kwanza alikuwa kijana. Akatoa bei ya kubomoa na kujenga upya kwa tofali za saruji. Wa pili alikuwa mzee kutoka kijiji cha pili. Alizunguka nyumba mara tatu, akaingiza kijiti kwenye ufa, akagonga kuta zilizobaki kwa kifundo cha kidole. Kisha akaomba apewe simu aongee nami.

"Mama, nyumba hii ina ufa, haina ugonjwa," alisema. "Tuivalishe mkanda wa chuma. Tuifunge kuta mbili kwa nondo, upande huu hadi upande ule, halafu tuujenge ufa."

Nikamjibu, "Nyumba siyo suruali, mzee."

Walicheka watu wote waliokuwa karibu na simu. Nilisikia kicheko chao. Sauti ya Baba haikuwamo.

Nyumba ilibomolewa kwa siku mbili, Januari 2017. Tofali zilizovunjika zilikwenda kuziba mashimo ya barabara. Baba aliomba kitu kimoja, lenta ya mlango isivunjwe, na vijana wakaibeba mpaka kibanjani. Kufikia mwisho wa mwaka huo wazazi walihamia kwenye nyumba mpya: bati la rangi, madirisha ya alumini, vigae vyeupe sakafuni. Baba alinishukuru mbele ya watu. "Asante, mwanangu." Tangu hapo kila nilipokwenda nilimkuta amekaa nje, kwenye kiti cha plastiki, ameupa ule mlango mgongo.

*

Siku ya pili mdogo wangu alinipeleka kwenye Makumbusho ya Vatikani. Nitasema kweli: saa mbili za mwanzo niliona migongo ya watu kuliko nilivyoona michoro. Ukumbi unafuata ukumbi, sanamu baada ya sanamu, dari zimepakwa dhahabu, umati unakusukuma taratibu kama mnadani. Kwenye Kanisa la Sisto nilisimama nimeinua kichwa mpaka shingo ikauma. Michelangelo alichora dari ile kati ya 1508 na 1512, na walinzi hawachoki kunyamazisha watu.

Mdogo wangu, ambaye amewaleta wageni wengi pale, alinionyesha mahali ambapo hapana kitu. Mwaka 1797 ghala la baruti lililipuka kwenye ngome ya Castel Sant'Angelo, plasta ikaanguka, na sehemu ya umbo la kijana mmoja aliyechorwa pale juu ikapotea. Haikurudishwa. Hakuna aliyeambiwa apande achore kijana mwingine anayefanana naye. Wameacha pengo, na pengo limekuwa sehemu ya dari.

"Unaona?" alisema.

"Naona," nilisema, na nikatamani tutoke.

Kesho yake tulipanda kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro. Ngazi ni 551. Ukifika juu unapita kwenye njia nyembamba kati ya ganda la ndani na ganda la nje la kuba, na ukuta unakuinamia mpaka unalazimika kutembea umelalia upande mmoja. Hapo mama mmoja mbele yetu aliuliza kwa Kiingereza kama jengo lote limepinda. Mwenzake akamsomea kutoka kwenye kitabu chake cha wageni, nami nikasikiliza bila kukaribishwa.

Miaka ya 1740 kuba lile lilikuwa na nyufa. Watu wa Roma waliogopa kwamba lingeanguka. Papa Benedikto wa 14 akawaita wanahisabati watatu walipime na kuandika maoni yao. Kisha akamwita mtu wa nne, Giovanni Poleni kutoka Padova, aangalie upya walichosema wale watatu. Baada ya hapo, mwaka 1743 na 1744, kuba likazungushiwa minyororo mitano ya chuma. Ipo mpaka leo. Hutaiona, kwa kuwa imefichwa ndani ya ujenzi.

Nilishika ukuta. Mdogo wangu akadhani ni kizunguzungu.

Kanisa kubwa kuliko yote niliyowahi kuingia, ambalo picha yake ilikuwa kwenye kalenda ukutani kwetu utoto wangu wote, lilikuwa limevaa mkanda.

Tulitafuta mahali pa kukaa. Hapo ndipo nilipomweleza mdogo wangu habari za yule fundi mzee. Yeye alikuwa tayari ughaibuni. Alijua tu kwamba nyumba ilipasuka na dada akajenga nyingine. Alinyamaza, halafu akasema, "Baba alikuwa akitufundisha habari za chuma. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Baba alikuwa mwalimu, na likizo moja alitupeleka Katuruka, karibu na Maruku, kutuonyesha mahali palipokuwa na mti uitwao Kaiija. Wazee walisimulia kwamba hapo palifuliwa chuma tangu zamani sana. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza, akachimba, akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka elfu mbili. "Aliuliza kwanza, ndipo akachimba," Baba alituambia, akiwa amesimama juani na kofia yake ya ualimu. Mimi nilikuwa na kiu, nikauliza tunaondoka saa ngapi.

Babu zetu waliyeyusha chuma Buhaya kabla kanisa la kwanza la Petro halijajengwa. Nami nilimcheka mtu aliyetaka kuifunga nyumba kwa nondo nne.

*

Sitaki kuwafanya Waroma malaika. Siku zilizofuata nilijifunza kwamba nao wamebomoa, tena sana. Kanisa la Petro la sasa lilianza kujengwa mwaka 1506, na ili lisimame, lile la zamani lililojengwa wakati wa Kaisari Konstantino, lenye umri wa karibu miaka 1,200, lilibomolewa. Pantheon, ambako mwaka 2024 mgeni alilipa euro tano, iling'olewa shaba ya ukumbi wake wa mbele kwa amri ya Papa Urbano wa Nane, na sehemu kubwa ya shaba hiyo ikayeyushwa kuwa mizinga. Colosseum ilikuwa machimbo ya mawe kwa karne nyingi. Mtu aliyetaka jiwe zuri alikwenda pale na mkokoteni.

Habari hizo zilinipa nafuu kidogo, kama mwanafunzi aliyefeli anavyopata nafuu akisikia kwamba hata fulani amefeli.

Kisha tukaenda kwenye Makumbusho ya Capitolini, ambayo yalifunguliwa kwa watu wote mwaka 1734. Uani pale kuna mguu. Mguu mmoja wa marumaru, mkubwa, vidole vyake vimechongwa mpaka kucha. Pembeni yake kuna kichwa, na mkono unaonyesha kidole juu. Ni vipande vilivyobaki vya sanamu ya Konstantino. Kwenye bustani jirani walikuwa wamesimamisha mfano wa sanamu nzima, mita 13 kwenda juu, uliotengenezwa kwa kupima vipande hivyo hivyo. Watoto wa shule walikuwa wakipiga picha na ule mguu kuliko na sanamu nzima.

Niliutazama mguu nikawaza tofali za Babu kwenye mashimo ya barabara. Magari ya ndizi yamezikanyaga mpaka zimekuwa vumbi jekundu. Kama mtu angetaka leo kukisia nyumba ile ilikuwaje, angeanzia wapi? Sina hata picha yake moja iliyopigwa kwa makusudi. Ipo kwenye picha za harusi na misiba, nyuma ya watu, kipande cha nguzo hapa, kona ya dirisha pale.

*

Colosseum tuliiacha siku ya sita. Nilikuwa nimeshachoka na mawe, kama mdogo wangu alivyoniahidi. Tulizunguka kwa nje kwanza, upande wa jua, na ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau.

Ukuta mrefu wa nje unapofikia mwisho, upande wa mashariki, umeshikwa na ukuta mwingine wa tofali, mnene, umeegemezwa kama mtu anayezuia mlango kwa bega. Pembeni yake matao mawili-matatu yamezibwa kwa tofali. Ukisogea unaona kwamba mawe ya matao hayo hayako sawa. Yameteleza. Jiwe la kati limeshuka, ya pembeni yameachana, kama meno yanayotaka kung'oka. Tofali zimejengwa kuyafuata mawe hayo pale pale yalipofikia. Hakuna aliyeyapandisha. Ni kana kwamba ukuta ulikuwa unaanguka, fundi akafika mbio, akausimamisha katikati ya kuanguka.

Kibao kilieleza, na kitabu tulichonunua kikaongeza. Lilikuwa tetemeko la mwaka 1806. Papa Pius wa Saba aliagiza kazi, na msanifu aliyeitwa Raffaele Stern akajenga egemeo lile la tofali kufikia 1807. Ni tofali za kawaida. Hazikupakwa rangi zifanane na mawe ya zamani, wala hazikufichwa. Zaidi ya miaka mia mbili mawe yale yanaanguka na hayajafika chini.

Nilikaa kwenye ukingo wa njia. Nilijaribu kujitetea, kwa kuwa utetezi ninao. Nyumba ya Babu ilikuwa ya udongo kati ya tofali na tofali. Tetemeko jingine lingeweza kuwaua wazazi wangu wakiwa usingizini. Nondo nne zisingeweza kuwa na hakika ya vigae na zege jipya. Labda kijana alikuwa sahihi na mzee alikosea. Hata leo, ukinipa fedha ile na ufa ule, sina uhakika ningeamua tofauti.

Lakini kilichonikalisha pale hakikuwa kubomoa. Kilikuwa kuuliza. Papa mwenye mamlaka yote ya kubomoa kuba aliwauliza watu watatu, kisha akamwuliza wa nne. Mimi nilimwuliza fundi bei. Nilimwuliza kaka kama kibali kinahitajika. Nilimwuliza Mama anataka jiko upande gani. Mtu aliyeshika kopo la maji mwaka 1954, ambaye wiki ile ile alikuwa amepoteza shule yake na nyumba ya baba yake, sikumwuliza neno.

Nilipiga picha ya yale matao, nikaituma kwa simu ya Mama bila maelezo.

*

Kanisa la Kadinali tulikwenda siku ya nane. Kwa kawaida kadinali hupewa kanisa moja mjini Roma liwe lake kwa jina, ili ahesabiwe miongoni mwa makasisi wa mji ule hata kama anaishi ng'ambo ya bahari. Rugambwa alipewa San Francesco a Ripa, kanisa la mtaa wa Trastevere, karibu na mto Tiber.

Trastevere ni mtaa wa nyumba za rangi ya udongo na vichochoro. Tukiwa tunatembea niliona kwenye kuta za nje vipande vya chuma, virefu kama mkono, vimelala bapa ukutani, kimoja hapa, kingine ghorofa ya juu. Nilipoona cha kwanza niliona vyote. Mdogo wangu alikuwa amepita mtaa ule miaka tisa bila kuviona. Tuliingia kwenye mgahawa, akamwuliza mwenye kahawa. Yule baba alitoka na kitambaa chake begani, akaelekeza kidole juu, akasema neno moja: "Catena." Halafu akaunganisha mikono yake miwili kifuani, akavuta, kuonyesha kitu kilichofungwa kisifumuke.

"Anasema ni mnyororo," mdogo wangu alitafsiri. "Nondo imepita ndani ya nyumba, upande hadi upande. Hicho tunachokiona ni kichwa chake tu."

Upande huu hadi upande ule. Nilikunywa kahawa yangu kwa mkupuo mmoja kama wanavyokunywa wao, ikaniunguza.

San Francesco a Ripa kwa nje si kanisa la kumshtua mtu. Ndani, kwenye kikanisa cha pembeni upande wa kushoto, kuna kazi ya Bernini ya miaka ya 1671 hadi 1674: Mwenyeheri Ludovica Albertoni amelala kwenye marumaru, mkono kifuani, anakata roho au anaomba, na vazi lake limekunjamana kama shuka la mgonjwa. Lipo pia jiwe. Mtakatifu Fransisko alipofika Roma alikaa mahali pale, kwenye hospitali ya wasafiri, na jiwe ambalo inasemekana alilifanya mto wa kulalia limehifadhiwa katika chumba chake. Kati ya sanamu na jiwe, najua Mama angelichagua jiwe.

Nilitafuta jina la Kadinali kwenye kuta nilizoweza kuzifikia, sikuliona. Kadinali akifa, kanisa hupewa mwingine. Yeye alifariki tarehe 8 Desemba 1997, akalazwa kwa muda Kashozi, misheni iliyoanzishwa mwaka 1892, akisubiri kanisa kuu la Bukoba likamilishwe. Mwaka 2012 ndipo alipohamishiwa pale. Mama alikuwepo siku hiyo. Alisimama juani tangu asubuhi, na alirudi akisema, "Sasa amefika."

Nilipiga magoti. Nikamwambia nimetumwa na nani. Nikataja jina la Mama kwa sauti, na jina la kijiji, kama unavyojitambulisha ukiingia msibani ugenini. Kisha nikataja la Baba, ingawa sikuwa nimetumwa.

Tulipotoka nilipiga simu nyumbani nikiwa bado kwenye uwanja wa kanisa.

"Umemwambia nimekutuma?" Mama aliuliza kabla ya salamu.

"Nimemwambia."

"Vizuri. Baba yako hapa ananisumbua na ile picha ya mawe. Chukua."

Simu ikabadilisha mikono. Nilimwamkia Baba. Aliitikia, akasema, "Hizo tofali za katikati ziliwekwa lini?"

"Mwaka 1807, Baba."

"Na mawe yakaachwa yalivyo."

"Yakaachwa."

"Nani aliamua?"

"Papa. Lakini alikuwa na mafundi."

"Eeh," alisema. "Waitu. Alikuwa na mafundi."

Nilisikia jogoo nyuma yake, na redio ya jirani. Nilisema, "Baba, mimi sikukuuliza. Ile nyumba. Sikukuuliza."

Alikaa kimya kiasi kwamba nilitazama simu nione kama bado iko hewani.

"Kuku wanaingia jikoni," alisema. "Ngoja niwafukuze."

Akakata.

*

Desemba nilikwenda nyumbani, kama Wahaya wote. Nilishuka basi la Mwanza pale Muhutwe, nikapanda bodaboda mpaka Kamachumu, mkungu wa ndizi wa mtu mwingine ukiwa kati yangu na dereva. Ulikuwa msimu wa senene. Mama alikuwa uani anawanyonyoa mabawa pamoja na wajukuu.

Baba alinipeleka kibanjani bila kunieleza tunakwenda wapi. Lenta ilikuwa imelala kando ya kaburi la Babu, juu ya mawe mawili ili isishike udongo. Majani makavu ya migomba yalikuwa yamefagiliwa kuizunguka. Kwa miaka saba nilikuwa nimepita njia ile nikidhani ni zege lililosahauliwa. Nambari zilikuwa bado zinasomeka. Ile 4 imeandikwa kwa mistari mitatu iliyonyooka, kama kiti kilichopinduliwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia kwamba nimeongea na fundi, kwamba inawezekana kuchimba juu ya mlango wa nyumba mpya na kuipachika lenta pale, ionekane na kila anayeingia. Nikamwambia, "Safari hii nakuuliza, Baba. Unaonaje?"

Alifikiri. Akainama akaondoa jani lililoangukia ile 9.

"Hapana," alisema. "Nyumba ile haina umri huu. Mtu akipita akasoma 1954 atakuwa amedanganywa."

"Sasa tuifanyeje?"

"Hii ikae na mwenyewe." Akaonyesha kaburi kwa kidevu. "Ile nayo ipewe mwaka wake. Haina mwaka. Tulihamia tu."

Ilikuwa kweli. Katika bei zote nilizozijadili, vigae, alumini, rangi ya bati, hakuna aliyekuwa amefikiria nyumba ile kuwa kitu ambacho siku moja mtu angetaka kujua kilijengwa lini.

Jumamosi kaka alileta saruji nusu mfuko. Fundi alibandua plasta juu ya mlango, kipande cha ukubwa wa sinia, akapaka nyingine mbichi, akailainisha. Baba alipanda kwenye kiti, mkono mmoja ameshika bega la kaka. Ana miaka sabini na minane. Aliomba msumari, kisha akaomba maji ya kuuchovya.

Kopo lilikuwa jikoni. Nililichota, nikalishika juu, usawa wa kiwiko chake, nikasimama hapo.

Aliandika 2, akachovya. Akaandika 0, akachovya. Ile 1 ilinyooka vizuri, mkono wa mwalimu. Kwenye 7 mkono ulitetemeka, mstari wa chini ukaenda kando, na fundi akasogea na mwiko ili aufute aanze upya.

"Acha," Baba alisema. "Iache hivyo hivyo."